Ugonjwa wa Akili Nao ni Ugonjwa: Hotuba ya Mwenyekiti Siku ya Kutimiza Miaka Kumi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, Mama Mlezi wa kikundi chetu, viongozi wa dini mliopo, wageni wetu kutoka vikundi jirani, akina mama wenzetu, mabibi na mabwana.   

Kwanza kabisa tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia kuiona siku hii. Wapo wenzetu watatu tuliokuwa nao siku ya kwanza ambao leo wametangulia mbele ya haki. Tunaomba tusimame kidogo tuwakumbuke. Ahsanteni, tukae.

Tulianza mwezi wa Machi 2015 tukiwa akina mama 18, kila mmoja amekuja na kigoda chake. Hisa moja ilikuwa shilingi 1,000, na wengine tuliinunua kwa chenji za maandazi. Leo tuko 30, hisa ni shilingi 2,000, na sanduku letu lenye kufuli tatu halijawahi kupotea hata senti. Nyumba zilizoezekwa bati, cherehani, mbuzi wa maziwa na watoto waliofika chuo, hayo yote Katibu ameyaandika kwa kirefu katika kitabu hiki mlichopewa mlangoni, na Mweka Hazina ameweka hesabu zake. Hatutayarudia. Kamati imekubaliana kwamba hotuba ya leo izungumzie jambo moja tu, nalo linahusu mfuko wa jamii.

Wageni wetu mtusamehe tukiwaeleza kidogo. Kila Jumatatu, mbali na hisa, kila mwanachama anatoa shilingi 500 za mfuko wa jamii. Fedha hizo hazikopeshwi. Ni za shida. Katiba yetu inasema: mwanachama au mtu wa nyumbani kwake akilazwa hospitali, anapewa shilingi 50,000. Akijifungua, 30,000. Akifiwa, 200,000. Na ili kuzuia udanganyifu, ugonjwa ni lazima uthibitishwe kwa karatasi ya kulazwa. Kifungu hicho tulikiazima kwenye katiba za vikundi vingine, na vikundi vingi vinacho hivyo hivyo. Kimetusaidia sana kwa malaria, kwa upasuaji na kwa ajali.

Lakini kuna wagonjwa ambao kifungu hicho hakiwaoni. Hao ndio tunaotaka kuwasemea.

Mwaka 2019 mwenzetu mmoja, ambaye yuko hapa na ametupa ruhusa tulieleze jambo hili bila kutaja jina, alikuwa na kijana wake wa bodaboda. Kijana alipata ajali, akapona mguu, lakini pikipiki ikachukuliwa kwa deni. Kuanzia hapo akabadilika. Akawa hali vizuri, halali usiku, mchana amejifungia ndani. Rafiki zake wakija anasema waambieni sipo. Watu wakasema ni uvivu. Wengine wakasema ni bangi, na wengine wakasema kuna mtu kamchezea. Mama yake alihangaika naye huku na huko mpaka akaelekezwa kwamba kuna wataalamu wa akili, ampeleke. Nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi, ilikuwa shilingi 24,000. Hakuwa nayo. Mfuko wa jamii ulikuwa na fedha, lakini kijana hakulazwa, hana karatasi, na kifungu kinasema karatasi.

Mwezi uliofuata kijana alijitoa uhai. Siku ya pili yake mfuko ulitoa shilingi 200,000 za rambirambi, kama katiba inavyosema, na akina mama tukaenda kupika msibani.

Jamani, hapo hakuna aliyevunja katiba. Katiba ilifuatwa sawasawa, neno kwa neno. Ndiyo maana tunasema jambo la kutazamwa ni kifungu chenyewe. Mfuko wetu unajua kulipia jeneza, haujui kulipia nauli.

Mwaka 2022 likatokea jambo jingine. Mwenzetu mwingine alijifungua salama, lakini wiki ya tatu akawa analia bila sababu, hataki kumshika mtoto, anasema mtoto yule angekuwa na heri kwa mama mwingine. Safari hii tulichanga mkononi, kila mtu alichokuwa nacho, nje ya mfuko. Akapelekwa hospitali ya wilaya akaonana na muuguzi wa magonjwa ya akili. Alipewa dawa, akapewa na ushauri nasaha, na sisi tukagawana zamu za kulala kwake. Baada ya miezi michache alirudi sokoni. Leo ni mmoja wa washika funguo watatu wa sanduku, na mtoto wake mmemwona pale nje akikimbia na puto.

Kwa hiyo tuliona kwa macho yetu kwamba huu ni ugonjwa, na unatibika. Tukamwomba muuguzi yule aje atufundishe. Alikuja Jumatatu tatu. Na binti wa mwanachama mmoja anayesomea uuguzi akawa anatusomea ripoti na kutueleza kwa lugha yetu. Sisi wengi wetu tumeishia darasa la saba, lakini kusikia tunasikia, na kuuliza tunauliza. Tuliuliza hasa jambo moja: wenzetu wa nchi nyingine wanafanyaje? Haya ndiyo tuliyoyapata.

La kwanza ni kwamba haya si maradhi ya Wazungu, wala si ya matajiri. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2019 watu kiasi cha milioni 970 duniani walikuwa na matatizo ya akili ya namna moja au nyingine. Ni kama mtu 1 kati ya kila 8. Sonona, yaani ile huzuni nzito isiyoondoka, inawapata wanawake kuliko wanaume. Na miongoni mwa wajawazito na waliotoka kujifungua, zaidi ya 10 kati ya kila 100 wanaipata. Hebu tazameni mkutano huu, mhesabu wenyewe.

Tofauti kubwa iko kwenye tiba. Kwa takwimu za mwaka 2020, nchi tajiri zina watumishi wa afya ya akili zaidi ya 60 kwa kila watu 100,000. Nchi maskini kabisa hawafiki hata wawili. Na serikali za dunia, ukizichukua kwa wastani, katika kila shilingi 100 za afya zinatoa kiasi cha shilingi 2 tu kwa ajili ya akili.

Ziko nchi ambako kwenda kwa mshauri ni jambo la kawaida kama kwenda kusuka nywele. Argentina, kule Amerika ya Kusini, wana wanasaikolojia zaidi ya 200 kwa kila watu 100,000, na katika mji mkuu wao, Buenos Aires, kuna mtaa ambao watu wameubandika jina la Villa Freud, kwa jina la yule daktari wa Vienna aliyeanzisha tiba ya mazungumzo, kwa sababu ya wingi wa washauri waliofungua ofisi pale. Mtu anasema mbele za watu, leo nina miadi na mwanasaikolojia wangu, na hakuna anayegeuka kumtazama.

Uingereza, tangu mwaka 2008, serikali iliweka mpango wa tiba ya mazungumzo bila malipo. Mtu mzima anaweza kujiandikisha mwenyewe hata bila barua ya daktari. Lakini msidhani ni peponi. Foleni ipo, na wengine wanangoja wiki nyingi. Marekani nako, tangu Julai 2022 mtu aliyezidiwa anaweza kupiga namba 988 akapata wa kuzungumza naye. Lakini saa moja ya mshauri inaweza kufika dola 100 hadi 200, na asiye na bima nzuri anaishia kutazama mlango.

Kijana wa mwanachama wetu mmoja anafanya kazi huko Marekani. Alikwenda kwa mshauri mwaka mzima, wala hakumwambia mama yake. Alipokuja likizo ndipo akasema. Mama akamwuliza, kwa nini ulinificha? Akajibu, niliogopa mtasema nimekuwa mwendawazimu. Basi mnaona, akina mama. Tiba alikuwa nayo karibu, lakini aibu aliisafirisha kutoka hapa kijijini.

Aibu hiyo ina mizizi mirefu, na sehemu yake ni majina. Hapa kwetu mtu akikosea kidogo tunamwambia, wewe wa Mirembe. Hospitali ya Mirembe kule Dodoma imekuwapo tangu mwaka 1927, imeponya maelfu ya watu, lakini jina lake tumeligeuza tusi. Wenzetu wa Kenya wanafanya hivyo hivyo na Mathari ya Nairobi. Na sisi wa Korogwe tunayo Lutindi huko juu milimani Usambara. Ilianza mwaka 1896 kuwa makazi ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa miaka ya 1900, enzi za Mjerumani, ikawa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili. Ni miongoni mwa hospitali za kwanza kabisa za namna hiyo Afrika Mashariki, na mpaka leo inaendeshwa na Kanisa la Kilutheri. Watu wanakuja kutoka mikoa ya mbali kutafuta tiba hapo, na sisi majirani tunaona haya kulitaja jina lake.

Kwamba jina lina uzito, tulisomewa habari za Wajapani. Ugonjwa ule ambao mtu husikia sauti na kuona visivyokuwapo, wao waliuita kwa maneno yenye maana ya ugonjwa wa akili iliyopasuka. Madaktari walikuwa wanashindwa hata kumwambia mgonjwa. Mwaka 2002 chama cha madaktari wa akili wa Japani kikabadili jina, wakauita ugonjwa wa akili kukosa mpangilio. Kabla ya hapo wagonjwa walioelezwa ugonjwa wao walikuwa kama 37 kati ya 100. Mwaka 2004 walikuwa kama 70. Dawa zilikuwa zile zile, madaktari wale wale. Jina tu.

Na mizizi mingine ni sheria. Mwingereza alipotutawala alituletea sheria inayosema aliyejaribu kujiua akanusurika, ashitakiwe. Ikaingia katika Kanuni za Adhabu za nchi nyingi alizozitawala, na ya kwetu ikiwemo. Sasa Mwingereza mwenyewe aliifuta kwao mwaka 1961. Ghana waliifuta mwaka 2023. Na jirani zetu Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba kifungu cha 226 kinakwenda kinyume cha Katiba yao. Mambo ya sheria ni ya wabunge, na tunaye Mgeni Rasmi hapa, amesikia. Letu sisi ni kusema kwamba mtu anayeogopa polisi hawezi kuja kuomba msaada.

Sasa tuje kwenye habari zilizotupa moyo. Hizi hazikutoka Ulaya. Zimetoka kwa watu kama sisi.

Zimbabwe wana neno la Kishona, kufungisisa. Maana yake ni kuwaza kupita kiasi. Sisi tunasema, fulani ana mawazo. Ni kitu kile kile. Daktari mmoja wa akili wa huko, Dixon Chibanda, ameeleza mara nyingi kwamba mwaka 2005 alifiwa na mgonjwa wake, binti aliyejitoa uhai. Mama wa binti alimwambia walitaka kumleta hospitali, ila walikosa nauli ya basi, dola 15. Tuliposomewa hapo, akina mama, mkutano ulinyamaza. Yule mwenzetu wa mwaka 2019 alikuwa amekaa nasi.

Daktari yule aliona kwamba madaktari wa akili katika nchi yake ni wachache mno, hawawezi kumfikia kila mtu. Basi mwaka 2006, katika eneo la Mbare, mjini Harare, akaanza na akina bibi 14 waliokuwa tayari wanajitolea kazi za afya mtaani. Akawafundisha namna ya kumsikiliza mtu na kumsaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Wakawekewa benchi la mbao nje ya zahanati, chini ya mti. Yeye alitaka liitwe benchi la afya ya akili. Bibi zile wakamwambia, mwanetu, jina hilo hakuna atakayekaa. Wakaliita kwa Kishona benchi la kupeana mawazo, na dunia sasa inalijua kwa jina la Benchi la Urafiki. Mgonjwa anakutana na bibi kama mara sita. Hatua ya kwanza wanaiita kufungua fikra, ya pili kuinua, ya tatu kutia nguvu. Wakimaliza, wanaingia kwenye kikundi cha wenzao, wanaendelea kuzungumza huku mikono inafuma mikoba ya kuuza.

Mnasikia, akina mama? Kikundi, mazungumzo, na kazi ya mikono ya kuleta senti. Hicho si kitu kigeni kwetu hata kidogo.

Na kazi yao ilipimwa. Mwaka 2016 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa watu 573 katika zahanati 24 za Harare. Baada ya miezi sita, kati ya kila 100 waliopata tiba ya kawaida tu, 50 walikuwa bado na dalili za sonona. Kati ya kila 100 waliokaa na bibi benchini, waliobaki nazo walikuwa 14. Benchi hilo limefika Malawi, limefika Zanzibar, limevuka bahari mpaka New York. Safari hii tajiri ndiye aliyekwenda kujifunza kwa maskini.

Uganda ni hivyo hivyo. Kusini-magharibi mwa nchi, Masaka na Rakai, mahali palipoumizwa sana na UKIMWI, wataalamu waliwauliza kwanza wanavijiji wenyewe huzuni hiyo wanaiitaje. Wakapewa maneno mawili ya Kiganda, moja la mtu anayejichukia, jingine la mtu anayejihurumia. Halafu zikaundwa bendi za watu watano hadi 12, wanawake na wanawake, wanaume na wanaume, wakutane mara moja kwa wiki, saa moja na nusu, kwa wiki 16. Aliyewaongoza hakuwa daktari. Alikuwa mtu wa huko huko aliyefundishwa wiki mbili. Mambo waliyozungumza ni msiba, ugomvi wa nyumbani na mabadiliko ya maisha. Matokeo yalitangazwa mwaka 2003. Waliobaki na ugonjwa katika vikundi walikuwa kama 7 kati ya 100. Katika vijiji ambavyo havikupata vikundi, walikuwa kama 55. Na wiki 16 zilipokwisha, watu hawakutawanyika, waliendelea kukutana wenyewe.

Kukutana mara moja kwa wiki, saa moja na nusu. Sisi tumefanya hivyo kwa miaka kumi.

Tunajua yapo maneno ya kupinga, tumeyasikia kwenye kamati na tumeyasikia kisimani. Tutayajibu kwa heshima.

Wapo wanaosema, ugonjwa huu ni wa kurogwa au wa mapepo, dawa yake ni mganga au maombi. Viongozi wetu wa dini wako hapa, nasi hatumzuii mtu kuombewa. Tunachosema ni kwamba maombi na dawa havigombani. Nigeria, tangu mwaka 1954, daktari Thomas Adeoye Lambo, pale Aro karibu na Abeokuta, aliwaweka wagonjwa wa akili katika nyumba za wanavijiji wa jirani, ndugu zao wakiwa nao, mchana wanakwenda hospitali kutibiwa, na akashirikiana hata na waganga wa jadi. Na mji wa Geel, Ubelgiji, familia za kawaida zimekuwa zikiwapokea wagonjwa wa akili na kukaa nao nyumbani kwao tangu karne nyingi zilizopita. Mambo hayo yalianzia kwenye kanisa la mtakatifu mmoja, na leo yanakwenda pamoja na hospitali. Tusichokikubali ni kumfunga mtu kamba au kumwachisha dawa kwa sababu ameombewa.

Wapo wanaosema, kila mtu atakuja na mawazo yake, mfuko utakwisha. Hiyo ni hofu ya haki, maana fedha ni za jasho. Tumekaa na Mweka Hazina tukapiga hesabu. Wanachama 30, shilingi 500, wiki 52, mfuko unapata shilingi 780,000 kwa mwaka. Tukitenga shilingi 100 katika kila hizo 500, tunapata 156,000 kwa mwaka. Hizo ni safari sita za mgonjwa na msindikizaji, kwa 24,000 kila moja, na inabaki 12,000. Rambirambi moja tu ni 200,000. Safari sita ni nafuu kuliko msiba mmoja, na mgonjwa anarudi nyumbani.

Wapo pia wanaosema, mambo ya mtu yatatembea mtaani. Hapo tunasema wazi: ni lazima yalindwe. Fedha zetu tumeziwekea kufuli tatu, na siri ya mtu nayo iwekewe kufuli.

Kwa hiyo Kamati inaleta mapendekezo manne.

La kwanza, neno ugonjwa katika katiba yetu lihesabu na ugonjwa wa akili, na karatasi ya kuhudhuria kliniki au barua ya muuguzi itoshe, si lazima kulazwa.

La pili, shilingi 100 katika kila 500 zitengwe kuwa nauli ya matibabu ya akili. Nauli hiyo itolewe siku ile ile inapoombwa, kwa sahihi ya viongozi wawili, bila kungoja Jumatatu.

La tatu, akina mama wawili watakaochaguliwa nasi wafundishwe na muuguzi wa wilaya namna ya kumsikiliza mtu, na kila baada ya mkutano wabaki kidogo kwa ajili ya mwenye kutaka kuzungumza. Atakayetoa siri nje, faini ni shilingi 10,000 na kuondolewa kwenye kazi hiyo.

La nne, neno kichaa, au jina la hospitali yoyote ya akili, likitumika kumtusi mtu katika mkutano, faini ni shilingi 500, sawa na ya kuchelewa.

Tuelewane jambo moja. Kikundi si hospitali. Muuguzi alitusisitizia, nasi tunasisitiza kwenu. Mtu anayesema bora afe, anayesikia sauti, aliyekaa siku kadhaa bila usingizi huku anahangaika, au mzazi anayeogopa atamdhuru mtoto wake, huyo asikalishwe kwa mazungumzo. Asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Na aliyepewa dawa asiziache kwa kuwa amejisikia nafuu, mpaka aliyempa aseme.

Wenye umri wetu mnakumbuka miaka ya mwanzo ya UKIMWI. Jina halikutajwa. Mgonjwa alifichwa chumba cha nyuma, vyombo vyake vikatengwa, na msibani tukaambiwa ni homa ndefu. Leo mtu anachukua dawa zake kliniki, anarudi shambani, anakuja kununua hisa. Kilichobadilika si dawa peke yake. Watu walianza kusema. Na wa kwanza kusema wengi walikuwa akina mama waliokaa pamoja kama hivi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwako tuna ombi moja. Muuguzi wa akili wa wilaya ni wa kusifiwa, ila kwetu huku anafika kwa kuomba lifti. Tunaomba siku moja ya kliniki kwa mwezi katika zahanati yetu. Sisi tutatoa chakula chake cha mchana na tutawakusanya watu.

Akina mama wenzetu, baada ya chakula wageni wataburudishwa na ngoma, na sisi wanachama 30 tutaingia ndani kupiga kura. Ni kura ya siri kama siku zote: punje ya mahindi ni ndiyo, punje ya harage ni hapana. Vyungu viko mezani na washika funguo watatu watahesabu mbele yetu. Hatumlazimishi mtu. Tunaomba tu kwamba kila mmoja, kabla hajaachia punje yake, afikirie nyumba yake mwenyewe na watu waliomo.

Tunawashukuru wote mliokuja, waliopika, waliopamba, na waliochangia kuchapisha kitabu hiki. Mungu atupe miaka mingine kumi, na atukutanishe tukiwa wazima wa mwili na wa akili.